Shingo Upande: Maana ya Kusita na Maneno Yaliyo Jirani Yake

Wasomaji wangu, leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulifanya, walakini ni wachache walitajao kwa jina lake. Ni hali ya mtu aliyetakiwa kutenda neno, naye hakatai, wala hataki. Ukimwuliza, atasema ndiyo; ukimtazama, utaona ya kuwa ile ndiyo imetoka mdomoni peke yake, na moyo umebaki nyuma. Kiswahili kina maneno mengi ya hali hii, na kila moja lina mahali pake. Asiyejua kuyatenga huwahukumu wenziwe isivyo haki: humwita mvivu mtu mwenye hofu, humwita mkaidi mtu mwenye haya, tena humhesabu kuwa ameridhia mtu ambaye moyo wake umekataa kabisa. Mwalimu, mzazi, jumbe na mganga wa hospitali hukutana na mambo haya kila siku, na mara nyingine neno moja lililotumiwa vibaya humharibia mtu maisha yake.

Tuanze na neno lililo la kawaida zaidi, yaani kusita. Maana yake ya kwanza ni ya mwili: kusimama kidogo katikati ya mwendo. Msafiri afikaye penye mto asioujua husita ukingoni. Hutazama maji, hutafuta alama za nyayo za watu waliovuka kabla yake, huchovya fimbo apime kina. Hakurudi, wala hajavuka. Mvua nayo yaweza kusita, ikakatika kwa kitambo, watu wakapata nafasi ya kukimbilia nyumbani. Kutoka mwilini neno limehamia moyoni, nasi twasema: nilisita kumjibu, alisita kutia sahihi yake, shahidi alisita alipoulizwa habari za usiku ule. Katika kamusi za zamani mtaliona neno hili pia likiwa na maana ya kuchechemea, kama mtu mwenye mguu mbovu. Mimi naona maana hizi mbili ni ndugu, kwa kuwa achechemeaye husimama kidogo katika kila hatua. Hata wafasiri wa Biblia walilitumia katika habari za nabii Eliya, alipowakemea watu juu ya mlima Karmeli kwa kushindwa kuchagua. Na katika Kiebrania neno lililo mahali pale ni la kuchechemea. Walichagua vema.

Kiswahili kina desturi ya kulirudia neno ili kuonyesha kwamba jambo hutendeka mara nyingi au bila mpango. Kutanga ni kwenda huko na huko, na kutangatanga ni kuzidi katika hali hiyo. Vivyo hivyo kusita na kusitasita. Aliyesita amekutana na kitu kimoja kilichomsimamisha, na kikiondolewa ataendelea. Anayesitasita husimama leo kwa sababu hii, na kesho kwa sababu nyingine, hata watu wakachoka kumngoja. Kwa hiyo si haki kumwambia mtu ‘wewe wasitasita’ kwa kuwa ameomba siku moja ya kufikiri. Neno kusitisha nalo ni mtoto wa kusita, lakini amehama nyumbani kwao: ni kukifanya kitu kisimame, kama kusitisha mkutano kwa ajili ya mvua, au kusitisha vita. Ndani yake hamna moyo wala mashaka, mna amri tu.

Waingereza wana neno lao la hali hii, reluctance, walilolipata katika Kilatini, na asili yake ni kupigana mwereka: mtu anashindana na kitu kimvutacho. Ni mfano mzuri. Lakini sisi hatukuuweka ushindani huo mikononi wala kifuani, tumeuweka shingoni.

Mtazameni ng'ombe avutwaye kwa kamba kwenda joshoni. Miguu yaenda, maana kamba ina nguvu na mchungaji yuko nyuma na fimbo. Lakini shingo imepinda, na jicho moja latazama zizini alikotoka. Sidai kwamba maneno haya, shingo upande, yametoka kwa ng'ombe. Huenda yalitoka kwa mtoto aitwaye na mama yake akaoge wakati wenzake wanacheza. Lililo hakika ni kwamba aliyeyatunga alikuwa na macho makali. Kwenda shingo upande ni kwenda kweli, kwa miguu yako mwenyewe, ila kichwa hakikubali kuelekea kule miguu iendako.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo napenda muishike. Kusita huja kabla ya tendo. Shingo upande huja pamoja na tendo lenyewe. Ukisema, ‘Alisita kwenda shambani,’ sisi hatujui bado kama alikwenda. Ukisema, ‘Alikwenda shambani shingo upande,’ twajua ya kuwa alikwenda, na jembe alilishika, na jua lilimpiga. Tena twajua ya kuwa matuta aliyoyalima yafaa kutazamwa mara ya pili. Kukataa ni jambo la tatu. Mwenye kukataa ameigeuza shingo pamoja na miguu, akaenda zake.

Neno la sarufi, kwa wanafunzi. Shingo upande halibadiliki. Twasema ‘nilikubali shingo upande’ na ‘walikubali shingo upande,’ hata wakiwa elfu. Nimekwisha kusoma katika insha ‘walikubali mashingo upande,’ nikacheka peke yangu nikiwaza kundi la twiga. Tena hatulitumii kwa vitu visivyo na nia. Mlango usiofunguka vizuri haufunguki shingo upande. Umevimba kwa mvua, basi. Na kinyume chake ni kufanya jambo kwa moyo mkunjufu, au, ikiwa ni kupokea, kupokea kwa mikono miwili.

Kando ya maneno hayo mawili kuna jirani wengi. Mtu aweza kuwa mzito wa kutoa, yaani fedha hutoka kwake kwa taabu. Au akaona uzito kusema neno, hasa mbele ya mkubwa wake. Uzito si ubaya, ni mzigo tu. Kuchelea ni kuhofia jambo litakalokuja: nachelea mvua, nachelea lawama. Mwenye kuchelea aweza kusita, au aweza kufanya haraka zaidi, kama mtu anikaye mpunga akaona wingu. Kinyongo ni kitu kingine. Ni uchungu uliobaki moyoni baada ya jambo, na mara nyingi ndio mtoto wa shingo upande. Uliyemlazimisha leo atakukumbuka kesho.

Lakini neno linalochanganywa mno na kusita ni ajizi. Wazee wametuambia kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na wamesema kweli. Ajizi ni kujua lipasalo, na kuwa na nguvu ya kulitenda, na kutokuwa na neno lolote lililokuzuia ila kupenda kukaa. Mwenye ajizi hana sababu; ukimwuliza atatunga moja papo hapo. Mwenye kusita anayo sababu, tena mara nyingi ndiyo kitu asichotaka kukuambia. Tazameni jinsi ilivyo rahisi kukosea: wote wawili wamekaa, wote wawili hawajaanza kazi, na wote wawili ukiwauliza watatazama chini.

Katika chuo cha ualimu nifundishamo, kila mwaka wanafunzi wetu huenda katika shule za jirani kufanya mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao aliandika katika daftari lake habari za kijana wa darasa la nne: ni mkaidi, akiitwa ubaoni hainuki mpaka aitwe mara tatu, na akifika hujibu vizuri. Nilipokwenda kukagua nilimwuliza, ni ukaidi wa namna gani huu wenye majibu mazuri? Basi tukamwangalia yule kijana kwa siku mbili. Siku ya kwanza hatukuona kitu. Siku ya pili tuliona ya kuwa huenda ubaoni ubavu ubavu, kama kaa wa pwani, mgongo wake ukielekea ukutani, na akiisha kuandika hurudi vivyo hivyo. Kaptura yake ilikuwa imechanika nyuma. Hesabu hazikumsumbua hata kidogo. Lililomsumbua ni macho ya watoto arobaini. Mwalimu wake akamwita faragha baada ya masomo, kaptura ikatiwa kiraka, na juma lile lile mkono wa kwanza kuinuliwa ukawa wake. Katika daftari neno mkaidi likafutwa, pakaandikwa: alisita kwa haya. Ni maneno matatu tu, lakini mkaguzi atakayelisoma daftari lile atakutana na mtoto mwingine kabisa.

Sasa tutoke shuleni twende barazani, tuone jinsi watu wanavyosita katika maneno yao ya kila siku. Mswahili aliyelelewa vema hapendi kumtupia mwenzake neno ‘sitaki.’ Huliona kuwa kavu, nalo hukata undugu. Badala yake hulifunika. Jirani akija kuazima baiskeli, mazungumzo yaweza kuwa hivi:

‘Hodi hapa.’

‘Karibu, jirani. Habari za nyumbani?’

‘Njema. Nilikuwa naiomba ile baiskeli yako, nifike sokoni mara moja.’

‘Ah, baiskeli ipo. Ila gurudumu la nyuma, sijui limepatwa na nini tangu jana.’

‘Nitakwenda polepole.’

‘Na breki nayo, sikuamini. Isije ikakutupa bure.’

Jirani mwenye akili hatauliza mara ya tatu. Amekwisha kuambiwa. Gurudumu halina neno, na breki ilitengenezwa juzi. Lililo bovu ni safari iliyopita, baiskeli iliporudi na matope hata kwenye taa. Mwenye baiskeli hakukataa, kwa hiyo ujirani umesalimika, na wote wawili watakutana kesho wasalimiane kama kawaida. Kuna maneno mengine ya namna hii. ‘Tutaona.’ ‘Nitajaribu.’ ‘Ngoja kwanza nimwulize mama watoto.’ Hata ‘inshallah,’ ambalo kwa haki yake ni neno la unyenyekevu mbele ya Mungu, watu wamelifanya kuwa pazia la kusita kwao. Na ‘haya,’ neno fupi kuliko yote, humaanisha kukubali likisemwa upesi, lakini likivutwa, ‘haaaya,’ sauti ikishuka mwishoni, ni shingo upande iliyo kamili. Mgeni ajifunzaye Kiswahili katika kitabu hukosa jambo hili, maana kitabu hakina sauti.

Adabu hii ni nzuri kati ya watu walio sawa. Juu ya baiskeli, hasara yake ni ndogo. Lakini mmoja akiwa mkubwa na mwingine mdogo, pazia lile lile huwa hatari, kwa kuwa mkubwa aweza kusikia anachotaka kusikia.

Chukueni habari za posa. Mshenga amekuja, wazee wamekaa, binti ameitwa. Baba anauliza, binti anatazama mkeka. Watu husema kwamba kunyamaza ni kukubali, na mara wanaanza kuhesabu mahari. Lakini kimya cha yule binti chaweza kuwa na maana tatu. Yamkini ni haya: anamtaka yule mume, ila hawezi kulitamka neno hilo mbele ya baba yake na wajomba zake. Yamkini ni kusita: hajui bado, anataka kwanza kusikia habari za mtu huyo. Au yamkini amekataa, na nguvu ya kusema hana. Kwa macho, vimya hivi vitatu hufanana kama mayai. Ndiyo maana wazee wenye busara hawakutosheka na kimya. Walimtuma shangazi, au bibi, na huko pwani somo wake, akae naye faragha, amwulize kwa lugha ya wanawake. Wasiokuwa na busara walifunga ndoa shingo upande, na binti akaishi na shingo hiyo miaka arobaini.

Katika Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka kila mmoja wa wenye kuoana awe amekubali kwa hiari yake mwenyewe, bila kushurutishwa. Neno hiari hapa lina uzito kuliko neno kukubali. Kukubali kwaweza kuwa kwa ulimi. Mtu hukubali hata mbele ya fimbo. Hiari ni ya moyo, na kuridhia ni jirani yake wa karibu. Kwa hiyo katika barua na katika mabaraza, muwe waangalifu: ‘alikubali’ na ‘aliridhia’ si neno moja, na mwandishi wa baraza aandikaye la pili mahali pa la kwanza ametoa ushahidi juu ya kitu asichokiona.

Hiari yashinda utumwa, ndivyo isemavyo mithali, na ni katika kazi kwamba mithali hii imejaribiwa kuliko mahali pengine pote. Katika Msumbiji, Wareno waliwashurutisha wakulima wengi kulima pamba tangu mwaka 1938 hata 1961. Mkulima hakuweza kukataa waziwazi, maana aliyekataa aliweza kupigwa au kupelekwa kazi ya shokoa. Basi wengine walizipika mbegu kwanza, ndipo wakazipanda. Mbegu zilipokosa kuota, walimwonyesha msimamizi shamba, wakasema ardhi hii pamba haiitaki. Shamba lilikuwa limelimwa, mistari imenyooka, kila shimo lina mbegu. Sijui mfano wa shingo upande ulio bora kuliko huo. Zamani zaidi, upande huu wa mto Ruvuma, Wamatumbi walikuwa wamelima pamba ya Wajerumani kwa namna hiyo hiyo, mikono ikifanya kazi na moyo ukihesabu siku. Hata mwezi wa Julai 1905 wakaenda shambani na kuing'oa. Kung'oa si kusita tena, ni kukataa, na vita vya Maji Maji vilivyofuata viliendelea hata 1907. Waliokuwa wakiwaita watu wale wavivu walikuwa na miaka mitatu ya kusoma alama zilizokuwa mbele yao.

Lakini mfano ambao mimi hupenda kuwapa walimu wanafunzi ni ule wa Uluguru, kwa sababu pale mwenye kuamuru hakuwa na nia mbaya. Milima ya Uluguru imesimama juu ya mji wa Morogoro. Miteremko yake ni mikali, mvua zake ni nyingi, na maji yake huingia katika mto Ruvu, ambao hunyweshwa hata watu wa Dar es Salaam. Watu ni wengi huko, mashamba ni madogo, na udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Jambo hili lilikuwa la kweli. Maofisa wa kilimo hawakulibuni. Basi mnamo mwaka 1950 serikali ya Tanganyika ya siku zile ilianzisha mpango wa kuihifadhi ardhi, na kazi kubwa iliyoamriwa ilikuwa kukata ngazi katika miteremko, moja juu ya nyingine, ili maji yasishuke kwa kasi.

Waluguru walisita. Wengine walikata ngazi mbili tatu karibu na njia, mahali ambapo ofisa angepita, na nyuma ya kilima wakalima kama walivyolima babu zao. Kwa mtu asimamaye njiani na daftari, hiyo ilikuwa ajizi, au ukaidi, au ujinga wa watu wa milimani. Lakini mkulima huijua ardhi kwa mpini wa jembe lake. Udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za milima ile ni mwembamba, umekaa juu kama utando wa maziwa. Ukikata ngazi, ule udongo mzuri hufukiwa, na udongo wa chini usio na chakula hufunuliwa, na mahindi huota yakiwa ya manjano. Tena kazi yenyewe ilikuwa nzito mno, nayo iliwaangukia watu katika siku walizozihitaji kwa mashamba yao. Mtu aliyekwisha kukata ngazi mwaka wa kwanza, akavuna haba, alikuwa na haki ya kusita mwaka wa pili. Kusita kwake kulikuwa ni habari za udongo, zilizoletwa bure kwa ofisa wa kilimo, ila hazikuandikwa kwa lugha aliyozoea kuisoma.

Mambo hayakwisha vema. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika kwa wingi huko Matombo, ghasia ikatokea, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hayo ule mpango wa kukata ngazi ukaachwa. Udongo wa Uluguru uliendelea kushuka mitoni, na shida iliyokuwapo mwaka 1950 ilibaki, ikiwa imeongezewa kaburi moja.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila asitaye ana haki. Katika mji wa Merca, katika pwani ya Somalia, alikuwapo kijana mpishi wa hospitali, jina lake Ali Maow Maalin. Watu wote waliofanya kazi pale walitakiwa wachanjwe ndui. Yeye alisita. Hakuwa na ubishi juu ya dawa, wala hakumchukia mtu. Alitazama ile sindano akaona kwamba yauma, akajitenga. Mwezi wa Oktoba 1977 aliwasindikiza wagonjwa wawili wa ndui kwa gari, safari ya dakika chache tu, akaupata ugonjwa. Bahati njema alipona, na watu waliokuwa karibu naye wakatafutwa wakachanjwa upesi. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani ajulikanaye kuugua ndui iliyoenea kwa njia yake ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba ndui imekwisha.

Sehemu ya habari hii nipendayo zaidi ni ile iliyokuja baadaye. Alipokuwa mtu mzima, Maalin alijitia katika kazi ya kuwachanja watoto wa Somalia wasipatwe na ugonjwa wa kupooza, akaifanya hata alipofariki dunia mwaka 2013. Akimkuta mzazi anayesita, hakumwita mjinga wala mkaidi. Alimweleza habari zake mwenyewe: mimi nami niliogopa, na tazama yaliyonipata. Alikuwa ameukaa ukingo ule wa mto, alijua kina chake. Nadhani hakuna ofisa aliyekuwa na neno lenye nguvu kuliko hilo.

Basi Mluguru alisita kwa kuwa alijua jambo, na mpishi wa Merca alisita kwa kuwa aliogopa jambo, na kijana wa darasa la nne kwa kuwa alikuwa na kiraka kilichokosekana. Kwa nje wote watatu wamesimama tu. Swali lililowafaa wote ni moja, nalo ni rahisi kwa Kiswahili: ‘Ni nini kinachokusitisha?’ Liulizwe taratibu, na faragha ikiwezekana, na muulizaji awe tayari kungoja, maana jibu la kwanza karibu kila mara ni gurudumu la nyuma.

Wanafunzi wapendao kujipima, na watie katika kila habari neno lifaalo: kusita, kusitasita, shingo upande, ajizi, au kukataa.

Fundi alipokea fedha asubuhi, mbao zipo, misumari ipo, na hata jioni bado yu kivulini asema msumeno utamfuata.

Wanakijiji waliuchimba mtaro mpaka mwisho kama walivyoamriwa, kila mtu akitazama jua limefika wapi.

Kijana alisema ataoa baada ya mavuno. Mavuno yakaja, akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, sasa asema nyumba haina bati.

Mama mjamzito amefika mlangoni pa hospitali, amekiweka kikapu chini, na hajaingia. Katika hili la mwisho, kabla hamjaandika jibu, andikeni kwanza sababu tatu ziwezazo kumsimamisha pale mlangoni.